Hita ya maji ya gesi: lita 6, lita 10, na ile ya feni

Boksi limeandikwa 6L kwa tarakimu kubwa, na wanunuzi wengi hudhani ndani kuna tangi la lita 6. Hakuna tangi. Ukifungua mfuniko wa mbele utakuta safu ya vichomeo chini, juu yake sanduku la shaba lililozungushiwa bomba jembamba, na chini kabisa vali ya maji na vali ya gesi zimeshikana kama pacha. Maji yanaingia ya baridi, yanazunguka kwenye shaba, yanatoka ya moto. Lita 6 maana yake ni kwamba kwa dakika moja hita inaweza kupandisha joto la lita 6 za maji kwa nyuzi 25.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua ununue ipi. Njombe au Limuru, asubuhi ya Julai, chukulia maji yanaingia yakiwa na nyuzi 15 na wewe unataka kuoga kwa nyuzi 40. Hita ya lita 6 itakupa lita 6 kwa dakika, yaani mvua ya kutosha mtu mmoja lakini si ya kujimwaga. Mtu wa pili akifungua bomba la moto jikoni, aliye bafuni atapiga kelele. Hita ya lita 10 inabeba hayo yote mawili kwa shida kidogo. Dar es Salaam na Mombasa ni habari nyingine: maji ya tangi lililoshinda juani yana nyuzi 28, na hita hiyohiyo inakuwa na nguvu kupita kiasi, hata ukiiweka chini kabisa maji yanaweza kuunguza ngozi. Watu wa pwani, hela hiyo fanyieni jambo lingine.

Aliyezoea shawa ya umeme hushangaa tofauti. Shawa ya kilowati 5.5, kwa baridi hiyohiyo ya Njombe, inaweza kutoa lita 3 tu kwa dakika zenye joto la kuoga. Ukifungua zaidi, maji yanapoa. Hita ya gesi ya lita 6 inaingiza kwenye maji kilowati 10.5, ya lita 10 kilowati 17 na ushei. Nyumba nyingi hazina nyaya za kubeba umeme wa kiasi hicho.

Gharama yake hupimwa hivi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 12.8 za umeme, na hita iliyo safi inafikisha kwenye maji asilimia 85 hadi 88 ya hiyo. Sema uniti 11. Chukua bei ya kujaza mtungi, gawanya kwa kilo zake, kisha gawanya kwa 11; jibu likiwa chini ya bei unayolipia uniti moja ya umeme, gesi ni nafuu. Kwa Tanzania kuna mtego mmoja. Walio kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, chini ya uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei ya chini sana kwa uniti na wataona umeme unashinda kwa mbali. Lakini shawa ya umeme ikitumiwa na watu wanne kwa dakika nane nane kila siku inakula uniti zaidi ya 85 kwa mwezi peke yake, na hapo kundi lenyewe limekwisha kuhamwa.

Kuoga dakika nane kwa lita 6 kwa dakika kunatumia gramu 125 hivi za gesi. Familia ya watu wanne basi ni nusu kilo kwa siku: mtungi wa kilo 6 unakaa siku 12, wa 13 unakaribia mwezi, wa 15 unafika siku 30, bila kupikia. Mtungi wa hita ukiwa ndio huohuo wa jiko, siku gesi itakapokatika utakosa chai na maji kwa pamoja. Wekeni miwili.

Kabla ya bei, soma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa hita. Pameandikwa aina ya gesi na presha yake: LPG (yaani gesi ya mtungi) 2800 Pa, au milibari 30, ambayo ni karibu sawa. Hiyo ndiyo presha ya reguleta ya kawaida ya jiko la nyumbani. Reguleta ya presha kubwa, ile ya wakaanga chipsi yenye kishikio cha kuzungusha, usiiguse. Moto utatoka nje ya sanduku na vali ya gesi itakufa. Ukikuta kibati kimeandikwa NG 2000 Pa, hiyo imetengenezwa kwa gesi asilia, ile ya mabomba. Matundu yake ya kutolea gesi ni makubwa zaidi, na ukiifunga kwenye mtungi utapata ulimi mrefu wa moto wa njano na masizi yatakayoziba shaba kwa muda mfupi. Walio na gesi ya bomba, kama baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara, wana tatizo la upande wa pili: hita ya mtungi kwao inawaka kwa unyonge. Kubadilisha reguleta peke yake hakuponyi lolote kati ya hayo. Ni matundu yenyewe yabadilishwe.

Kuna kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi. Hita ya lita 6 ikiwaka yote inavuta karibu kilo moja ya gesi kwa saa, ya lita 10 inavuta kilo 1.6. Reguleta nyingi zimepigwa chapa ya kilo 1.5 kwa saa. Kwa hiyo anayehama kutoka lita 6 kwenda lita 10 akabaki na reguleta ileile analipia nguvu ambayo haitamfikia, hasa kama jiko nalo limewashwa. Tafuta ya kilo 2 au zaidi. Na mtungi wa kilo 6 haufai kwa lita 10. Gesi iliyo ndani ni kimiminika, na ili ichemke iwe hewa inahitaji joto kupitia bati la mtungi. Mtungi mdogo hauna bati la kutosha. Dalili utaziona: mtungi unatoa jasho, kisha unaganda utandu mweupe chini, moto unapungua, maji yanapoa, ilhali ukiutikisa mtungi unasikia gesi bado imo. Watu huumwagia maji ya moto. Msifanye hivyo. Nunua mtungi mkubwa, au unganisha miwili kwa kiungio cha pamoja.

Sasa tuje kwenye presha ya maji, maana hapa ndipo hita nyingi nzima hurudishwa dukani kwa jina la mbovu.

Hita haina swichi ya kuwashia. Maji yanapopita kwenye vali, yanasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinasukuma kijiti, kijiti kinabonyeza swichi ndogo, na hapo ndipo betri zinapiga cheche na vali ya gesi inafunguka. Maji yakipita kwa unyonge, kiwambo hakisogei, na hita inakaa kimya kama sanamu. Kibati kinasema presha ya chini kabisa ni MPa 0.02 au 0.025. Kwa lugha ya fundi bomba hiyo ni mita 2 hadi 2.5 za kimo, kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi kwenye kichwa cha shawa. Tangi lililowekwa juu ya dari la nyumba ya kawaida lina kimo cha mita 1 hivi juu ya shawa. Halitoshi, na hakuna marekebisho ya hita yatakayolifanya litoshe. Tangi kwenye mnara wa mita 6 linakupa mita 4 na hapo hita inawaka bila kusitasita, ili mradi bomba la kushuka ni la robo tatu inchi na si nusu inchi yenye kona kumi.

Pima kabla hujatoa hela. Fungua kichwa cha shawa, weka ndoo ya lita 10, shika saa. Ikijaa ndani ya dakika mbili, una lita 5 kwa dakika na hita yoyote itawaka. Ikichukua dakika tatu uko mpakani. Ikizidi hapo, tengeneza maji kwanza. Rudisha kichwa cha shawa upime tena, kwa sababu vile vyenye vitundu kama vya sindano vinaweza kula nusu ya mtiririko. Vichwa vingi vinavyouzwa kama vya kuongeza presha ni vya aina hii, na kwa hita ya gesi ni sumu.

Pampu ndogo ya kusukumia maji inaponya tatizo, ila iwe ile inayowashwa na mtiririko wa maji. Ile inayofuata presha, ikiwa haina kitangi chake cha presha, itawaka na kuzima kila sekunde chache, na hita itawaka na kuzima nayo. Utaoga moto, baridi, moto, baridi, mpaka swichi ndogo ichoke.

Hapohapo kuna kosa la watumiaji. Watu wanaiweka hita juu kabisa, kisha bafuni wanachanganya na maji ya baridi. Ukifungua baridi, maji yanayopita kwenye hita yanapungua, yanazidi kuwa moto. Unaongeza baridi, yanapungua tena. Mwisho hita inazima ukiwa na sabuni machoni. Njia sahihi ni kufungua bomba la moto peke yake na kupanga joto kwenye hita yenyewe: kitufe cha gesi, kitufe cha maji, na kile cha tatu chenye alama ya jua na theluji, ambacho kinazima baadhi ya safu za vichomeo. Msimu wa joto kiweke kwenye jua, gesi itapungua bila ubishi.

Moshi.

Moshi wa hita hauonekani, na ndio unaoua. Gesi ikiwaka vizuri inatoa mvuke na hewa ukaa. Ikikosa oksijeni inatoa kaboni monoksidi, ileile inayowamaliza watu waliolala na jiko la mkaa chumbani: haina harufu, haina rangi, na anayeivuta huona kichwa kinamuuma na miguu imeisha nguvu, akadhani ni joto la maji. Kilo moja ya gesi inahitaji zaidi ya mita 12 za ujazo za hewa. Bafu la mita 1.5 kwa 2 lina mita 7 hivi. Mtu wa kwanza anaoga salama, wa pili anakuta hewa imekwisha kuchoka, wa tatu ndiye mwenye hatari. Na wakati wa baridi, siku ambayo hita inafanya kazi kubwa kuliko zote, ndiyo siku ambayo dirisha limefungwa. Kwa hiyo hita ya wazi, isiyo na bomba la moshi, haifungwi bafuni. Haifungwi jikoni palipozibwa pia. Fundi akikwambia tundu dogo ukutani linatosha, mlipe nauli aende.

Kuanzia hapa aina tatu zinaachana.

Ya wazi ya lita 6, nyepesi, inayotumia betri mbili kubwa za saizi D, ndiyo ya bei ya chini. Inafaa sehemu moja tu: nje, ukutani, chini ya paa lililochomoza. Upepo ndio adui yake, kwa sababu unazima moto au kuupuliza upande, na kihisio cha moto kinakata gesi kila mara, kama kinavyotakiwa. Ijengee hita sanduku la bati lililo wazi chini na juu, lenye mlango mbele, na liache nafasi ya kiganja kila upande. Nyingi za aina hii zina saa ya ndani inayozima baada ya dakika 20. Si ubovu, funga maji na ufungue tena.

Ya lita 10 yenye bomba la moshi linalopanda lenyewe, kipenyo cha sentimita 11 au karibu na hapo, ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba ya chini yenye ukuta wa nje. Nayo ifungwe nje, au kwenye stoo yenye matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu. Inawaka kwa betri, kwa hiyo umeme ukikatika unaoga. Bomba la moshi lipande wima kwanza angalau nusu mita kabla ya kona, lisishuke popote, na lisiishie chini ya dirisha la chumba cha kulala. Usilipunguze kipenyo eti bomba dogo ndilo lililopatikana. Moshi utarudi ndani kupitia kifuniko.

Ya feni ina onyesho la joto, unaandika 42 na inashika 42, inarekebisha gesi yenyewe maji yanapoongezeka au kupungua. Kuoga nayo ni raha tupu. Kuna mbili zinazofanana kwa sura. Moja inavuta hewa kutoka chumbani na kusukuma moshi nje kwa bomba jembamba. Nyingine imezibwa kabisa, ina bomba la ndani ya bomba, inavuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, na chumba hakihusiki. Kwa ghorofa isiyo na ukuta wa nje wa kufaa, hiyo ya pili ndiyo pekee ya kufikiria. Bei yake ni ya juu na vipuri vyake ni haba nje ya miji mikubwa. Kasoro yao kubwa zote mbili ni kwamba zinataka umeme. Uniti zinazoliwa ni kidogo mno, lakini umeme ukikatika hakuna maji ya moto. Wengi wanaonunua hita ya gesi wananunua ili wakimbie mgao, na hili wanaligundua baada ya kufungiwa. Kibeteri cha akiba kama kile cha kompyuta kinatosha, kwa sababu feni na saketi hazivuti mzigo mkubwa.

Wakazi wa nyanda za juu waongeze jambo moja. Kwenye kimo cha mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, na hita iliyopangwa kiwandani kwa usawa wa bahari itakosa oksijeni kidogo hata nje. Moto uwe wa buluu na mfupi. Ukiwa na ncha za njano zinazocheza, punguza kitufe cha gesi. Zikibaki, fundi aangalie matundu na vumbi kwenye vichomeo. Makete na Kinangop, ambako barafu hutanda alfajiri, toa maji ndani ya hita ya nje kwa skrubu ya chini kila usiku wa baridi kali, la sivyo shaba itapasuka. Na ndani ya nyumba weka king'ora cha kaboni monoksidi chenye alama ya EN 50291: hicho hulia ndani ya dakika 3 hewa ikifika sehemu 300 kwa milioni. Kifungwe usawa wa kupumua. Kile cha kunusa gesi iliyovuja ni kifaa kingine, na chenyewe kikae sentimita 30 kutoka sakafuni kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito na hutambaa chini.

Mabomba ya maji ya moto yawe ya plastiki ya PPR, daraja la presha PN20, yaliyochomelewa. PVC hulainika na kuvuja kwenye viungo. Mpira wa gesi usizidi mita moja na nusu, ubanwe kwa klipu ncha zote mbili, na usipite nyuma ya hita. Ukihitaji mbali zaidi, tumia bomba la shaba. Kila kiungo kipakwe povu la sabuni, na si mara moja tu siku ya kufunga.

Hita ikigoma, sikiliza kwanza. Ukifungua maji na hakuna mlio wowote wa cheche, angalia betri, kisha chujio dogo la waya kwenye mlango wa maji ya baridi. Mchanga wa kisima hulijaza. Kama vyote viko sawa, kiwambo cha mpira kimechanika, kipuri cha bei ndogo na skrubu nne tu za kufungua. Cheche zikipiga bila moto, gesi haifiki: mtungi umeisha, au kuna hewa kwenye mpira baada ya kubadilisha mtungi, fungua na kufunga maji mara tatu nne itatoka. Ikiwaka kwa kishindo, zima usiendelee. Gesi inajikusanya kabla ya cheche, kwa kawaida sababu betri zimechoka au ncha ya cheche imejaa masizi. Ikiwaka sekunde kadhaa na kuzima, kihisio cha moto kina kutu, kisugue kwa msasa laini.

Maji ya chumvi na chokaa, kama ya visima vya Dodoma, huacha utando mgumu ndani ya shaba. Utaona maji yanapungua mwaka hadi mwaka na hita inatoa mlio kama birika linalokaribia kuchemka. Zima gesi, fungua nati mbili za maji, pitisha maji yenye asidi ya limao ya unga, gramu 50 kwa lita, kwa kipampu kidogo na ndoo kwa dakika 45, kisha suuza sana. Fanya mara moja kwa mwaka. Maji ya visima vya pwani yenye chumvi hula shaba yenyewe, na tundu likishatoboka kwenye koili, kuchomelea hakudumu.

Dukani, mwambie muuzaji afungue boksi. Hesabu: hita, kichwa cha shawa na mpira wake, skrubu, karatasi ya maelezo. Ya bomba la moshi mara nyingi huja bila bomba lenyewe, ulizia. Pima uzito kwa mkono kati ya mbili za lita sawa. Nyepesi ina shaba nyembamba. Kisha uliza kama wana kiwambo, swichi ndogo na vali ya gesi za hiyohiyo kwenye rafu, na uombe kuviona.